Jicho Kabla ya Nyundo

Kaskazini ya mji wa Goma, kandokando ya barabara iendayo Rutshuru, iko Munigi, mahali ambapo ardhi katika baadhi ya sehemu ni changa kuliko watu wanaoikalia. Maana mwamba mweusi ubebao misingi ya nyumba zake ni lava ya mlima Nyiragongo, na katika mlipuko wa tarehe 17 Januari 2002 nyufa zilizopasuka ubavuni mwa mlima upande wa kusini zilishuka mpaka Munigi penyewe, zikatoa mto wa moto uliopita uwanja wa ndege, ukakata katikati ya mji, ukaishia katika Ziwa Kivu, na kuacha watu wapatao 120,000 bila makazi. Miaka 19 baadaye, usiku wa tarehe 22 Mei 2021, mlima ulifunguka tena, lava ikateketeza maelfu ya nyumba katika teritwari ya Nyiragongo na kusimama mlangoni mwa Goma. Kisha kwa siku kadhaa mfululizo ardhi ikatetemeka, kuta zikapasuka Goma na mji jirani wa Gisenyi, hata tarehe 27 Mei gavana wa kijeshi wa jimbo akaamuru wakazi wa mitaa 10 ya mji wahame.

Watu walihama, wakarudi, wakajenga. Na mwishoni mwa Januari 2025, vita vilipofika Goma, walijikuta tena wakihesabu kilichosalia. Kwa hiyo kazi ya kutengeneza nyumba katika Munigi si anasa ya wenye nafasi, bali ni sehemu ya maisha ya kila nyumba: huyu anaondoa mbao ili aweke mawe, yule anatoboa ukuta wa mbele apate duka la kuelekea barabarani, mwingine anaongeza vyumba viwili kwa ajili ya wapangaji, na aliyebarikiwa zaidi anaazimia kupandisha ghorofa juu ya nyumba aliyoijenga baba yake. Aghalabu wote hawa huanza kwa kumwita fundi mwashi, kununua simenti na kupiga nyundo. Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini mtu wa kwanza kulipwa katika kazi hiyo hafai kuwa mwenye nyundo, bali awe mwenye jicho la elimu, yaani mhandisi wa majengo, na pale panapohitajika, msanifu. Yanaeleza pia jinsi mtu wa kipato cha kawaida awezavyo kumpata mtaalamu huyo na kumtumia ipasavyo.

Yafaa kwanza kupambanua kazi za watu watatu ambao katika mazungumzo ya mitaani huchanganywa kuwa mmoja. Msanifu majengo ndiye anayepanga nyumba kwa maisha ya wakaao ndani yake: mlango ukae wapi, mwanga uingie kutoka upande gani, moshi wa jikoni utokeje, maji ya mvua yashuke kwenye tangi gani, na mgeni apitaje bila kukatiza faragha ya wenyeji. Mhandisi wa miundo huuliza swali moja zito: mzigo wa nyumba hii unashuka kwa njia ipi kutoka paani mpaka ardhini, na njia hiyo itastahimili siku ardhi itakapotikisika? Fundi mwashi naye ndiye mwenye mkono; bila yeye michoro ya wale wawili hubaki karatasi, na fundi hodari wa Munigi, anayejua kulichonga jiwe la lava likakaa mahali pake kwa mapigo machache, ana maarifa ambayo hayapatikani katika chuo chochote. Kumwita mhandisi, basi, si kumdharau fundi; ni kumpa fundi hesabu ambayo yeye hakufundishwa, ili uhodari wake usije ukatumika kujenga kwa uzuri jambo lililokosewa tangu mwanzo.

Watu wengi hudhani kwamba mtaalamu anahitajika mtu ajengapo nyumba mpya, na kwamba matengenezo ni jambo dogo ambalo fundi anaweza kulimaliza peke yake. Ukweli ni kinyume cha hayo. Ajengaye upya huona kila kitu kwa macho yake tangu shimo la msingi, ilhali atengenezaye nyumba kuukuu hukabidhiwa kitu kilichokwisha kufunikwa: hajui msingi ulikwenda chini kiasi gani, hajui kama ndani ya nguzo mna nondo nne au hamna hata moja, wala hajui ni ukuta upi unaobeba paa na upi unaogawa vyumba tu. Zanzibar ililiona hilo kwa uchungu mkubwa. Beit al-Ajaib, kasri aliyoijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, jengo kubwa kuliko yote ya Mji Mkongwe, ilikuwa katikati ya matengenezo tarehe 25 Desemba 2020 pale sehemu yake ya mbele na mnara vilipoporomoka na kuwaua mafundi wawili. Huko Kariakoo, Dar es Salaam, tarehe 16 Novemba 2024, jengo la ghorofa la biashara lilianguka na kuua watu zaidi ya 20, na habari zilizoenea siku zile zilitaja kazi ya kupanua nafasi ya chini ya jengo iliyokuwa ikiendelea huku maduka ya juu yamefunguliwa. Jengo kongwe linalosimama kwa mazoea huweza kusimama miaka mingi. Kuliondolea au kuliongezea kitu ndiko kunakolitia majaribuni.

Katika Munigi jambo hili lina sura yake mahususi, nayo ni uzito. Nyumba ya mbao, ambayo baada ya mwaka 2002 ilienea Goma nzima kwa kuwa ilikuwa nafuu na haraka kusimamisha, huonekana na wengi kuwa nyumba ya unyonge, na nyumba ya mawe huonekana kuwa ndiyo salama na yenye heshima. Kwa wizi na moto, na kwa baridi ya usiku, dhana hiyo ina haki yake; lakini kwa tetemeko la ardhi mambo hugeuka, kwa sababu nguvu ambayo tetemeko huipiga nayo nyumba hukua kwa kadiri ya uzito wa nyumba yenyewe. Ukuta wa mawe wenye unene wa sentimita 40 na kimo cha mita 2 na nusu hubeba mita 1 ya ujazo wa mawe na simenti katika kila mita 1 ya urefu wake, nao ni uzito wa yapata tani 2. Ukuta wa mbao wa kimo na urefu huo huo haufiki kilo 100. Nyumba ya mbao hulia, hupinda, kisha hurudi mahali pake. Ukuta wa mawe usiofungwa hauwezi kupinda: hupasuka, na ukipasuka huangukia walio ndani.

Hayo hayamaanishi kwamba watu waache kujenga kwa mawe, maana jiwe la lava liko tele, nalo ni riziki ya wachongaji wengi. Maana yake ni kwamba abadilishaye mbao kwa mawe anaacha wepesi uliokuwa ukimlinda bila yeye kujua, na hana budi kuununua ulinzi mwingine mahali pake. Ulinzi huo ni kuzifunga kuta: nguzo za zege zenye nondo katika kila pembe na kando ya nafasi kubwa za milango, mkanda wa zege unaozunguka nyumba yote chini, na mkanda mwingine unaoizunguka juu ya madirisha, ili kuta nne zitikisike kama mwili mmoja, isiwe kila mmoja unakwenda upande wake. Unene wa nondo, idadi yake, umbali baina ya ringi zinazozishikamanisha, na namna nondo za mkanda zinavyopinda na kuingia ndani ya nguzo badala ya kukomea pembeni, hayo ndiyo mambo ambayo mhandisi hulipwa kuyakokotoa, na ndiyo mambo ambayo mwenye nyumba hawezi kuyaona tena baada ya zege kumwagwa.

Na kwa anayetamani ghorofa, hesabu ndogo inatosha kumfumbua macho. Sakafu ya zege yenye unene wa sentimita 15 ina uzito wa kilo 375 kwa kila mita 1 ya mraba. Chumba cha mita 4 kwa 5, basi, kitabebeshwa tani 7 na nusu za zege kabla ya kuta za juu, kabla ya samani na watu. Paa la mabati na mbao zake lililokuwa juu ya chumba hicho hicho halifiki tani 1. Msingi uliochimbwa kwa ajili ya mabati haukuahidi kubeba tani hizo, na hakuna fundi awezaye kujua kwa kuutazama ukuta kwa nje kama utakubali.

Fauka ya uzito, iko ardhi yenyewe. Lava huonekana kuwa mwamba usioshindikana, na mara nyingi ndivyo ilivyo. Lakini ilipoganda, ngozi yake ya juu ilitangulia kuwa ngumu huku ndani moto ukiendelea kutiririka, na moto ulipokwisha kupita uliacha chini yake mapango na mifereji mitupu. Mahali fulani mtu hujenga juu ya mwamba wa mita kadhaa, na hatua chache kutoka hapo jirani yake anajenga juu ya gamba lililofunika utupu. Mhandisi mwenye uzoefu wa Goma hugonga, huchimba mashimo madogo ya majaribio penye nguzo, na huuliza wazee tabaka la lava la mahali hapo ni la mwaka gani na lilipitaje. Vilevile atauliza kuhusu mazuku, ile hewa ya ukaa itokayo katika nyufa za ardhi, isiyo na rangi, nzito kuliko hewa ya kawaida, ikaayo katika mashimo na mabonde na kuua wanyama na watu bila onyo, hasa upande wa magharibi wa Goma. Kwa ajili hiyo, mtu atakaye kuchimba ghala la chini ya ardhi au shimo refu la choo ndani ya kiwanja chake asianze kabla ya kupata shauri la ajuaye. Waangalizi wa mlima katika Kituo cha Volkano cha Goma, kilichoanzishwa mwaka 1986, wamekusanya maarifa mengi juu ya nyufa na gesi za eneo hili, na mhandisi mwema hujua kuyatafuta.

Sasa tumtazame mhandisi akiwa kazini, kwa kuwa wengi hawajapata kuona anafanya nini hata astahili ujira. Anapofika haanzi na karatasi. Huzunguka nyumba kwa nje, akitazama kama kuta zimesimama wima, na wapi maji ya mvua yameula msingi. Kisha hutafuta nyufa, maana kila ufa una kisa chake: ule mwembamba unaotambaa juu ya lipu peke yake kama unywele si wa kutisha, ule unaoanzia pembeni mwa dirisha na kupanda mshazari mpaka darini husema kwamba ukuta ulisukumwa kwa ubavu na tetemeko, ule unaotanuka kwendea juu kwenye pembe ya nyumba husema kwamba kuta mbili zinaachana. Ili ajue kama ufa ungali hai, hupaka kipande kidogo cha plasta juu yake, kulia na kushoto, akaandika tarehe kwa kalamu. Akirudi baada ya wiki kadhaa akakuta plasta imekatika, ajua nyumba bado inakwenda. Hugonga ukuta kwa nyundo ndogo akisikiliza sauti ya utupu, hufukua kando ya msingi apime kina chake, na hubandua lipu mahali pamoja ili aone kama ndani mna nguzo ama mna mawe matupu. Kazi hiyo yote, isipokuwa kule kurudi kutazama plasta, yaweza kumalizika katika nusu ya siku, nayo ndiyo rahisi kuliko zote katika ujenzi kwa kulinganisha na hasara inayoiepusha.

Mfano wa kawaida ni ukuta wa mbele. Mama mwenye nyumba huuliza, "Papa fundi, ukuta huu unaweza kutoka, nipate nafasi ya duka?" Fundi hujibu kwa nia njema, "Bila shida, mama, ni ukuta mdogo." Udogo wa ukuta si hoja. Kama mapau ya paa yamelala juu yake, au kama ndio unaozuia kuta mbili za ubavuni zisifunguke, kuutoa ni kuikata nyumba mshipa. Mhandisi hakatazi duka. Yeye huonyesha mahali pa kuweka boriti ya zege juu ya nafasi hiyo, nguzo mbili za kuibeba, na mihimili ya muda ya kushikilia paa wakati ukuta unapoondolewa. Duka hupatikana, na nyumba hubaki.

Nani basi aitwe, na kwa masharti gani? Goma si jangwa la wataalamu. Chuo Kikuu Huru cha Nchi za Maziwa Makuu, kijulikanacho kwa jina la ULPGL, hufundisha uhandisi, na wapo wahandisi na wasanifu waliosomea Butembo, Kinshasa, Kigali na Kampala waishio mjini. Mwenye nyumba asione haya kuuliza cheti, wala mtaalamu asione kuwa ametukanwa. Lakini cheti peke yake hakitoshi: na aombwe aonyeshe nyumba mbili au tatu alizozisimamia, hasa zilizokuwapo wakati wa matetemeko ya Mei 2021, na mwenye nyumba aende mwenyewe kuzungumza na wakaao ndani yake, awaulize kama mhandisi alikuwa akija kazini au alikuwa akituma salamu. Ambaye hajapata kutengeneza nyumba kuukuu, hata akiwa bingwa wa majengo mapya, asipewe kazi hii peke yake.

Makubaliano yaandikwe, hata yakiwa ya ukurasa mmoja, na hata mtaalamu akiwa ndugu wa damu. Pengine hasa akiwa ndugu. Yataje mtaalamu atatoa nini: ripoti ya hali ya nyumba, michoro yenye vipimo, orodha ya vifaa na kiasi chake, na ziara ngapi za kukagua kazi. Yataje ujira wake wote na jinsi utakavyolipwa kwa vipande, kila kipande baada ya hatua iliyokamilika, na cha mwisho kisitolewe kabla kazi haijakaguliwa. Katika ziara hizo ziko mbili ambazo hazifai kukosekana kwa hali yoyote: moja nondo zikiwa zimekwisha kufungwa na zege halijamwagwa, na nyingine siku ya kumwaga zege lenyewe. Hapo ndipo mhandisi atakapozuia lile kosa lililozoeleka la kuongeza maji ili zege litiririke vyepesi, maana maji yanayozidi huacha vitundu na kulidhoofisha. Na hapo ndipo atakapoagiza zege linyweshwe maji kwa muda usiopungua siku 7, agizo lililo gumu Munigi ambako maji ni ya kutafutwa, na kwa hiyo yafaa yawekwe katika hesabu tangu mwanzo pamoja na simenti na mchanga.

Upande wa sheria nao una hifadhi ambayo wengi hawaijui. Sheria ya mikataba ya Kongo, ambayo asili yake ni dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, humbebesha msanifu na mkandarasi dhamana ya miaka 10 endapo jengo litaharibika kwa ubovu wa ujenzi au hata kwa ubovu wa ardhi. Dhamana hiyo ni vigumu kuidai kwa asiye na karatasi, kwa kuwa pasipo maandishi ni vigumu kumthibitishia hakimu kwamba mtu fulani alipewa kazi. Kadhalika, kabla ya kubadili umbo la nyumba, mwenye nyumba na aombe ruhusa katika ofisi za mipango miji na ardhi, akijua kwamba Munigi imo katika teritwari ya Nyiragongo na usultani wa Bukumu, si katika mipaka ya mji wa Goma, na kwamba tangu sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ardhi yote ni mali ya Serikali, ingawa wengi wanashikilia viwanja vyao kwa karatasi za kimila. Mtaalamu mwaminifu huomba kuona hati na mipaka kabla ya kuchora mstari wa kwanza, maana nyumba imara iliyojengwa juu ya mpaka wa jirani ni msiba wa namna nyingine.

Najua jibu ambalo msomaji wa Munigi analo mdomoni: fedha hakuna. Jibu hilo ni la haki, na asiyeliheshimu hajaishi hapa. Lakini gharama ya mhandisi haina budi kulinganishwa na kile inachokilinda, si kuwekwa peke yake mezani. Bei ya ziara moja ya ukaguzi hulingana zaidi na bei ya mifuko ya simenti kuliko bei ya nyumba, na mara nyingi ukaguzi huo huo huokoa mifuko ambayo ingezikwa mahali pasipoihitaji. Majirani watano wenye nyumba za namna moja katika mtaa mmoja waweza kumwita mhandisi kwa siku moja na kugawana ujira. Kikundi cha likelemba, yaani cha kuchangiana fedha, ambacho hutoa fedha ya mabati na karo, chaweza kuweka desturi kwamba mkopo wa kujenga hautoki bila ripoti ya ukaguzi. Na parokia, misikiti na makanisa, ambayo hujenga kumbi za kukusanya mamia ya watu, yafaa yawe ya kwanza kutoa mfano. Ambaye hana uwezo kabisa, na afanye angalau mambo matatu: asiondoe ukuta asiojua unabeba nini, asipandishe mzigo mpya juu ya msingi asioufukua, na asiache pembe ya nyumba ya mawe bila nguzo yenye nondo.

Mlima hauombi ruhusa, na hakuna mhandisi awezaye kuizuia lava isipite itakapo. Lakini matetemeko yafuatayo lava, ambayo huwapata hata wale ambao moto haukuwafikia, madhara yake yamo kwa sehemu kubwa mikononi mwetu, kwa kuwa kinachoua aghalabu ni ukuta ulioanguka, na ukuta ni kazi ya mwanadamu. Kwa sababu hiyo, yeyote katika Munigi anayejiandaa kutengeneza nyumba yake, na aweke katika bajeti yake, juu kabisa, kabla ya simenti na kabla ya mabati, mstari mmoja wa ujira wa mtu wa kuja kuitazama. Kisha amwite fundi wake, wasimame watatu mbele ya nyumba, wakubaliane, ndipo nyundo ianze.